Mkaja Mmoja, Viuno Vitatu

Sogeeni karibu, na mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe kwanza, maana kesi hii haitaki kelele. Mimi nasimulia tu. Hukumu ni yenu.

Palikuwa na wanawake watatu, na kila mmoja aliliweza jambo moja kuliko watu wote. Siwatu aliweza kunyamaza. Neno ukimpa alihifadhi, litazeekea humo humo kifuani. Tausi aliweza kulisha. Mtoto aliyekataa uji wa nyumba nzima alikula mkononi mwake. Denise aliweza kung'ang'ania. Akikaa kwenye kiti cha ofisi yako kudai jambo, utatia saini ili akuondokee.

Siwatu na Tausi ni watu wa Pangani, mtu na wifi yake. Denise ni Mmarekani mweusi wa mji wa Columbus, huko Ohio. Aliyewaunganisha ni mwanamume mmoja, Kombo, kwa ajili ya mtoto mmoja, Shemsa. Kombo ameshakufa, kwa hiyo lawama zake hazitamfikia.

Siwatu ndiye aliyeolewa na Kombo kwanza. Mimba mbili ziliharibika. Ya tatu daktari alimwambia wazi, "Hii itakuua." Siwatu alichukua mkoba wake. Alirudi nyumbani akaendelea nayo. Mwezi wa nane alipasuliwa, mtoto akatoka hai, mama akabaki wodini miezi mitatu, kidonda kikifunga na kufumuka, mpaka wakaondoa na kizazi chenyewe. Shemsa akawa mtoto wake wa kwanza na wa mwisho.

Mtoto alizaliwa na tundu kwenye moyo. Alipofika miaka minne, akipanda ngazi tatu tu midomo inageuka rangi. Kombo wakati huo alikuwa ameshamtaliki Siwatu, yuko Marekani na mke mwingine. Akapiga simu.

"Huku wanaweza kumtibu. Lakini mke wangu nimemwambia kwamba wewe umekufa. Akijua uko hai ataona anachukua mtoto wa mtu, hatasaini karatasi za hospitali. Ukijitokeza, mtoto hapati matibabu. Chagua."

Siwatu akachagua. Alinyamaza miaka kumi na tisa. Hakupiga simu, hakutuma barua wala picha. Alikaanga vitumbua mlangoni kwake, na aliyemuuliza habari za binti yake alimjibu, "Hajambo," bila yeye mwenyewe kujua kama ni kweli.

Tausi ni dada yake Kombo. Siwatu alipokuwa wodini, Tausi alikuwa na mwanawe wa wiki tano, Mbwana. Akaletewa Shemsa naye. Akawapakata wote wawili, mmoja huku na mmoja huku, miaka miwili kamili. Kwa dini yetu aliyekunyonyesha ni mama yako, na hilo halina mjadala.

Safari ya matibabu ilipowadia, madaktari wa kule waliagiza mtoto asipungue uzito hata kidogo kabla ya upasuaji. Shemsa hakula ila kwa mkono wa Tausi. Basi Tausi akamwacha Mbwana kwa bibi yake, akaaga anakwenda miezi miwili. Upasuaji wa kwanza haukushika. Ikabidi usubiriwe wa pili. Miezi miwili ikawa mwaka na miezi saba, na kila jioni Tausi alikuwa na kijiko mkononi akimbembeleza mtoto wa mwingine. Aliporudi Pangani, Mbwana alijificha nyuma ya bibi yake, akamwamkia, "Shikamoo, shangazi," kama watoto wengine wa nyumba ile. Leo ni mtu mzima mwenye ndevu, na bado anamwita shangazi.

Denise alikuwa dereva wa basi la shule. Alisilimu ili aolewe na Kombo. Kombo akaja kuondoka, Uislamu ukabaki. Yeye ndiye aliyesaini karatasi zote za hospitali. Watu wa bima walipokataa upasuaji wa pili, alikwenda ofisini kwao kila siku akishashusha wanafunzi, akakaa na chakula chake cha mchana kwenye mfuko. Siku ya kumi na moja wakakubali.

Shemsa alipofika miaka saba Kombo alihamia jimbo jingine kwa mwanamke mwingine. Watu walimwambia Denise, "Mtoto si wako, mrudishe kwao." Denise akaenda mahakamani akaandikwa mlezi. Akamsuka, akampeleka chuoni kusoma Kurani, akamsimamia mpaka akawa muuguzi. Tena, kwa kuwa yeye na mtoto mwenyewe waliambiwa Siwatu ni marehemu wakaamini, hakutaka asahauliwe. Kila mwaka aliwaalika Waswahili wa mji ule nyumbani kwake, wakasoma khitma ya Siwatu. Pilau la miaka ya mwanzo lilikuwa bichi, watu wakala kwa adabu. Baadaye likawa pilau la kuombwa.

Sasa Shemsa akachumbiwa na Nasoro, kijana wa hapo hapo Columbus ambaye wazazi wake ni wa Pangani. Ukoo wa Nasoro una desturi yake. Kabla ya ndoa huzuru makaburi ya wazazi wa binti waliotangulia. Mjomba aliyeko Pangani akatumwa. Akamuuliza mwenye duka, "Kaburi la Siwatu aliyekuwa mke wa Kombo liko wapi?"

"Kaburi silijui," mwenye duka akamjibu. "Mwenyewe yule pale anakaanga vitumbua."

Mjomba akaenda, akanunua vitumbua viwili, akavila amesimama, ndipo akapiga simu Marekani.

Harusi iliahirishwa miezi saba mpaka Siwatu akapata viza. Tausi akaja naye. Denise aliwafungulia mlango mwenyewe. Alimtazama Siwatu, akasema kwa Kiswahili chake alichojifunzia jikoni, "Nimekusomea khitma kumi na nane."

"Ahsante," akasema Siwatu. "Zilinifaa. Karibu nife mara mbili."

Kuna waliocheka. Tausi hakucheka, kwa sababu Denise alikuwa ameshamgeukia yeye.

"Wewe ulilala nyumbani kwangu mwaka na miezi saba. Ulijua?"

"Nilijua. Kaka yangu aliniapisha. Ningesema, usingesaini."

"Hukuniuliza. Ungeniuliza ningesaini vile vile."

Hilo hakuna wa kulipima sasa.

Tufike siku ya harusi. Wote mnajua mkaja, lakini kwa wasiojua: ni kitambaa anachofungwa mzazi tumboni akishajifungua, kiuno kirudi mahali pake. Binti akiolewa, upande wa mume humpa mama yake mkaja, kumshukuru kwa siku zile. Wengi siku hizi hutoa bahasha. Ukoo wa Nasoro hutoa kitambaa chenyewe, na mama wa bwana harusi humfunga mama wa bibi harusi kwa mikono yake, mbele ya wanawake wote. Akishafungwa, vigelegele vinapigwa, ndipo shehe anaruhusiwa kufungisha ndoa. Asipofungwa mtu, hakuna ndoa. Wanaume walimaliza mambo yao ya kilemba, zawadi ya upande wa baba wa binti, kwa dakika mbili. Alipewa Mzee Shomari, amu yake Shemsa, akakivaa akaenda kunywa chai.

Ilikuwa saa nane mchana. Shehe alitakiwa kwenye ndoa nyingine kabla ya alasiri. Bi Zakia, mama yake Nasoro, akasimama katikati ya ukumbi na kitambaa cheupe chenye ukingo mwekundu.

"Upande wa binti! Mama wa binti ni nani, nimfunge?"

Wakasimama watatu.

Tausi ndiye aliyeanza.

"Wifi, kaa. Mkaja ni wa aliyelea kichanga. Siku zako arobaini zilikukuta wodini. Kiuno chako hakikuona kitambaa."

"Hakikuona kwa sababu kilikuwa na nyuzi. Nikuonyeshe kovu mbele ya wageni?"

"Onyesha! Na mimi nampigia simu Mbwana hapa hapa, wageni wamsikie anavyoniita shangazi, mimi mama yake mzazi. Mimi nilikuwa na mwana, wifi. Nilimtoa kwa huyu."

"Nani alikutuma ukae mwaka na miezi saba?"

"Njaa ya mwanao!"

Denise akainua mkono, kama mtu anayeomba nafasi mkutanoni.

"Mimi sina kovu, na sina maziwa. Lakini shule walipopiga simu wakasema mama yake aje, nilikwenda mimi. Hospitali wakisema mama asaini, nilisaini mimi. Neno hilo likiitwa, mimi ndiye niliyekuwa naitika. Leo linaitwa mbele ya watu, halafu nikae?"

Siwatu akamjibu polepole.

"Dada, sina ugomvi na wewe. Ila mimi nimesomewa khitma kumi na nane, na nusu ya waliosoma wamo humu ndani. Nisipotajwa leo, basi walisoma sawasawa."



Wakaanza washauri. Mmoja akasema kitambaa kikatwe vipande vitatu. Bi Zakia akamwambia, "Mkaja uliokatwa ni tambara la kufutia meza." Mwingine akasema wafungwe kwa zamu. "Kwani hiki choo cha stendi?" akauliza Bi Zakia. Nasoro mwenyewe akachungulia mlangoni: "Mama, si niwanunulie vingine viwili tu?" Mama yake hakugeuza hata shingo. "Wewe bado hujaoa. Usinifundishe mambo ya wake." Mzee Shomari alipoitwa aamue, akajishika kilemba, akasema hayo ni ya wanawake, akarudi kwenye chai yake.

"Basi aseme binti," akasema Bi Zakia. "Lakini mwanangu, ujue unachosema. Kwetu sisi anayefungwa mkaja ndiye atakayeitwa siku utakayojifungua. Ataingia nyumbani kwako na kukaa siku arobaini. Wengine watakuja kama wageni, watakupa hongera na kwenda zao. Watoto wako watamwita huyo bibi. Nikishafunga, sifungui."

Na hapo ndipo penye uzito, maana Shemsa si mzima kama mimi na wewe. Tundu liliziba, lakini moyo una viraka. Daktari ameshamwambia kwamba atazaa akipenda, ila mimba itakuwa ya hatari, na baada ya uzazi huenda asiweze hata kumwinua mtoto. Yeye ni muuguzi, hadanganyiki. Anajua siku ile atahitaji mtu, tena mtu mwenyewe hasa.

Siwatu akasema, "Mimi nimebeba mimba ya kufa nayo. Anajua mwingine jinsi ya kulala usiku wa namna ile?"

Tausi akasema, "Mtoto wa mama mgonjwa akikataa chupa, mtamwita nani? Hii mikono imeshaifanya kazi hiyo."

Denise akasema, "Na madaktari wakikwambia hakuna nafasi, rudi nyumbani, nani atakaa kwenye kiti mpaka ipatikane?"

Wote watatu walisema kweli.

"Nusu saa," shehe akapaza sauti kutoka upande wa pili wa pazia. "Nikitoka hapa sirudi leo."

Shemsa akasimama na hina yake mikononi. Akamtazama Siwatu, uso aliousahau tangu utotoni, anaoujua upya kwa wiki tatu tu na ambao ni uso wake mwenyewe. Akamtazama Tausi, aliyekaa mkao wa mtu anayengoja kunyang'anywa. Akamtazama Denise, ambaye hakumtazama, alikuwa anahesabu vigae vya sakafuni ili asilie mbele ya watu.

"Hamwezi kukubaliana wenyewe?" akauliza.

"Hatuwezi," wakajibu, na hilo ndilo jambo la pekee walilokubaliana siku ile.

Bi Zakia akakikunjua kitambaa chote, akakishika kwa ncha mbili.

"Jina moja, mwanangu."

Mimi sitawaambia alilosema. Nyinyi mlionisikiliza mna mama, na baadhi yenu ni mama, na wapo humu walioachiwa mtoto wa mwenzao wakamlea wakanyamaza. Msinijibu kwamba wote watatu, maana kitambaa ni kimoja. Msinijibu kwamba hata mmoja, maana shehe ameshavaa viatu. Shemsa amevuta pumzi, na moyo wake huo wa viraka unadunda mpaka unaonekana kwenye shela. Mnong'onezeni haraka: amtaje nani?