Mguu wa Kukanyagia

Hapo zamani, wala si zamani ya masultani na majini, zamani hii hii ya juzi ambayo wengine wenu mlishaota meno, huko milimani Usambara ambako barabara imejikunja kama utumbo wa mbuzi, paliishi fundi cherehani akiitwa Mwantumu. Mnaotaka kucheka chekeni mapema, maana mbele huko kicheko kinakwama kooni.

Mwantumu alikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Akikaa pale barazani, taka-taka-taka, majirani wanajua kumekucha. Ufundi wote ulikuwa kwenye mguu wake wa kulia. Mikono, mwenyewe alikuwa akisema, inafuata tu. Na mwezi ule alikuwa akishona gauni jeupe, na si la mteja, la kwake mwenyewe. Mbelwa, yule kijana mrefu wa kwenye mashamba ya chai, alishaleta mshenga, na mshenga alishakunywa chai akaongezwa na andazi. Mambo yalikuwa yamekaa vizuri.

Sasa, Mwantumu alikuwa na kaka yake, Hoza. Hoza na gari lake, ewe Mola. Gari kuukuu la kubebea kabichi, lakini analisugua kuliko anavyojisugua mwenyewe. Siku moja akaona kwenye simu magari ya mashindano. Diski za breki zimetobolewa matundu kama chujio la tui, na kila diski imebanwa na vibanio viwili badala ya kimoja. Hoza akasahau kula.

"Kibanio kimoja kinashika," akasema. "Viwili je?"

Akatafuta vyuma hivyo, akavipata, akavipeleka kwa Kupaza. Kupaza ni fundi magari, mtu wa maneno machache na mikono yenye baraka. Hakuviangalia vyuma kwanza. Aliinama akapapasa tairi.

"Tairi zako vipara, Hoza. Laini kama kichwa cha babu yako. Breki inashika gurudumu. Barabara inashikwa na tairi."

"Tairi baadaye. Breki kwanza."

Kupaza akavitazama vile vyuma. Hakuna fundi yeyote wa milimani aliyewahi kufunga vibanio viwili kwenye diski moja. Akaviinua, akavipima kwa kiganja, akachukua spana.

Siku ya tatu Hoza huyo, kashuka na gari mpaka mbele ya baraza ya dada yake, anapiga honi kama anatangaza Idi.

"Breki imeshika," akasema.

"Imeshika nini?" akauliza Mbelwa, aliyekuwa kaja kusalimia wakweze.

Mnaujua utani wa shemeji. Shemeji akikosa la kukuchekea atakicheka kivuli chako. Mbelwa akasema, "Shemeji, zamani ulikuwa ukikanyaga breki pale kwenye nguzo, unasimama hatua ishirini mbele. Hebu tuone leo."

Watu wakatoka majumbani. Hoza akapanda juu, akateremka na gari, alipofika kwenye nguzo akakanyaga. Tairi zikalia kama paka wawili kwenye gunia. Mbelwa akaweka jiwe pale liliposimama gari, akahesabu kwa miguu yake mirefu.

"Kumi na tisa," akasema. "Shemeji, vyuma vyote vile, umepata hatua moja."

Baraza zima likaangua kicheko. Mwantumu naye alicheka, akacheka mpaka akashika ubavu. Kicheko kile mpaka leo kinamuuma kuliko mguu.

Hoza akawaka. "Una miguu kama korongo, hatua zako si hatua. Na jiwe umelisogeza."

"Sijaligusa jiwe."

"Umelisogeza, nimekuona."

Wakaanza hapo. Umesogeza, sijasogeza, umesogeza, sijasogeza. Na manyunyu nayo yakaanza, yale ya milimani, membamba kama unga wa chekeche. Barabara ikapata mng'aro. Mbelwa akanyoosha mkono akayakinga.

"Vizuri," akasema. "Rudia sasa, imelowa. Breki inajulikana kwenye maji."

Kupaza alikuwa amesimama kando anafuta mikono kwa kitambaa. Alizitazama tairi. Halafu akaendelea kufuta.

Mwantumu yeye alitaka yaishe tu. Gauni lilikuwa linamsubiri chini ya sindano, mkono mmoja bado. Akateremka barazani na kanga yake nyekundu, akaenda kusimama pembeni mwa barabara, kwenye hatua ya ishirini.

"Alama ni mie," akasema. "Mie si jiwe, sihamishwi."

Hoza akateremka na gari. Alipofika kwenye nguzo akakanyaga kwa nguvu zake zote, na sikilizeni, breki ilishika. Kupaza hakukosea hata nati moja. Magurudumu yote manne yalisimama papo hapo, tuli, kama yamechomelewa. Na safari hii tairi hazikulia, maana kwenye maji tairi kipara haina sauti.

Mwantumu aliyaona magurudumu yamesimama. Aliyaona kwa macho yake. Kichwani mwake gari likawa limesimama. Ndio maana hakukimbia. Alisimama na kanga yake, anaangalia magurudumu yaliyosimama yakimjia, gari linageuka ubavu taratibu kama mtu anayejigeuza kitandani, mpaka likamfikia.

Hatua ya thelathini na moja ndipo liliposimama. Hakuna aliyelihesabia, zilihesabiwa kesho yake.

Mguu wa kulia haukukatwa, tushukuru. Mfupa uliunga. Lakini kifundo kikagoma, hakikunjiki, kigumu kama mwiko. Akijaribu kukanyaga kwa mguu wa kushoto, cherehani inarudi nyuma, uzi unakatika. Mikono mizima, macho mazima, gauni lile pale, mkono mmoja bado. Na asubuhi mtaa mzima ukawa kimya, watu wanachelewa kuamka.

Siku moja wakaja wote watatu, wakavua viatu, wakakaa chini barazani. Mama Hoza, mama yao Mwantumu na Hoza, akawatazama mmoja mmoja.

"Cherehani ina kiti kimoja," akasema. "Mwanangu ataongoza kitambaa, mtu atamkanyagia. Kila siku, mpaka gauni liishe, na baada ya gauni. Mwenye kosa kubwa ndiye atakayekanyaga. Wengine wamesamehewa, hatutawataja tena. Semeni."

Hoza akasema, "Ni mie, mama. Gari langu, mguu wangu. Niliambiwa tairi, nikasema baadaye. Nilimkanyaga mimi, acheni nimkanyagie mimi."

Kupaza akasema, "Hoza alikuwa hajui. Asiyejua utamfanya nini? Mie nilijua. Nilisema mara moja, tena kwa sauti ya chini, halafu nikachukua spana. Kusema kweli, nilitaka kuona kama vibanio viwili vitakaa. Vilikaa. Ni mie."

Mama Hoza akamsukuma Mbelwa kwa fimbo. Ndipo akasema, "Mie nilikuwa na haki. Nilisema breki zile si kitu, na kweli hazikuwa kitu. Lakini hatua moja ilitosha, watu walishacheka. Mie ndiye niliyetaka na maji. Nilikuwa na haki, mama, na haki yangu ndiyo iliyomwangusha. Ni mie."

Mwantumu akasema polepole, "Mama, mbona mie hunihesabu? Zile tairi nilikuwa nikizipangusa kila Ijumaa. Nilizijua vipara. Na pale barabarani hakunituma mtu."

"Aliyeumia hahesabiwi," akasema mama yake. "Wewe chagua."

Mwantumu akawatazama. Kaka yake, aliyekuwa akimbeba mgongoni kwenda kisimani. Fundi, ambaye tangu siku ile hajashika spana. Mchumba, ambaye posa yake bado imo kwenye sahani kabatini, haijarudishwa.

Akimtaja Mbelwa, siku ya harusi atavaa kosa. Akimtaja Hoza, atakuwa anakula sahani moja na kosa. Akimtaja Kupaza, ni kumtwika mgeni mzigo wa nyumbani. Akijitaja mwenyewe, hana mguu.

Na mpaka hivi tunavyoongea, gauni liko chini ya sindano, wanaume watatu wako chini bila viatu, na Mwantumu hajafungua mdomo. Haya, nyie mliokuwa mkicheka mwanzoni. Breki ilikanyagwa na mmoja. Je, cherehani nani akanyage?