Bi Msukumi na Mlango wa Chumvi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Pakawa na mlango!
Na mji usio na mlango?
Ni kaburi!

Haya, kaeni. Na wewe unayepiga miayo, funga mdomo, mbu nao wanatafuta nyumba.

Hapo kale, kale ya kale, palikuwa na mji mdogo uitwao Seli. Mdogo hata ukidondoshewa chozi la sisimizi unazama. Ulikuwa ndani ya ini la mbuzi, umezungukwa na maji ya chumvi, wala haukuwa na ukuta wa mawe. Ukuta wake ulikuwa watu.

Watu hao walikuwa na vichwa vinavyopenda maji na miguu ya mafuta inayoyachukia. Basi walijipanga safu mbili, nyayo kwa nyayo: safu moja vichwa nje, ya pili vichwa ndani, miguu yote kavu katikati. Wakateleza, wakapishana, wakabadilishana nafasi kama wanawake ngomani, na ukuta usipasuke! Fundi gani wa leo anaweza? Wa kwangu alinijengea choo, kikaanguka hajanawa mikono.

Hewa alipita katikati yao bila hodi. Sukari alikuwa na mlango wake. Maji alikuwa na kichochoro chake. Na mlango wa chumvi aliushika bibi mmoja, Bi Msukumi. Chumvi walikuwa wa koo mbili: aliwatoa Chumvi Bahari watatu, akawaingiza Chumvi Majivu wawili, mchana kutwa, usiku kucha, akiimba:

"Watatu nje, wawili ndani,
sina shangazi mlangoni!"

Kazi ile ilitaka nguvu, na nguvu hutoka chunguni. Bi Msukumi alikula haswa.

Mfalme Kiini, aliyekaa katikati ya mji asisukume hata kijiti, akanung'unika. "Bibi huyu anatumaliza! Na chumvi ni hao hao, anawatoa, wanarudi. Mnyimeni chakula!"

"Wanarudi kwa kuwa ukuta haukosi tundu," akasema Bi Msukumi. "Nikikaa, utajua."

"Kaa!"

Akakaa.

Siku ya kwanza, Chumvi Bahari akapenyeza mguu, akaingia. Maji akamfuata.

"Na wewe wafuata nini?" Bi Msukumi akamuuliza.

"Mimi na Chumvi ni chanda na pete. Aingiapo, naingia."

Mji ukavimba. Mfalme akasema, "Tumenenepa! Neema hiyo!"

Siku ya pili, akaingia Chumvi, akaingia Maji, mji ukavimba. Mfalme akasema, "Neema imezidi kidogo."

Siku ya tatu, akaingia Chumvi, akaingia Maji, mji ukavimba. Mfalme akasimama kwa ncha za vidole. Maji alikuwa amemfika kidevuni.

Watu wa ukuta wakapiga kelele: "Bi Msukumi, we! Nyayo zaachana! Tukipasuka hapana mji!"

Bi Msukumi akataka kusimama. Siku tatu bila chakula, akashindwa. Akajaribu tena, akashindwa. Mara ya tatu akaanguka kifudifudi, akabaki akiwatazama wenzake wakinyooka kama ngozi iliyowambwa, na hana la kuwafanyia.

Ndipo Mfalme akaja mwenyewe, anaogelea, chungu kichwani. "Nisamehe, bibi yangu, mimi nili..."

"Samahani hailiwi. Leta chungu."

Akala. Akaongeza. Akaramba vidole. Akasimama. Watatu nje, wawili ndani! Watatu nje, wawili ndani! Watatu nje, wawili ndani! Chumvi akatoka, na Maji nyuma yake. Mji ukanywea, nyayo zikakutana.

Mfalme akapiga magoti. "Nikupe nini, bibi? Cheo? Kanga? Shamba?"

"Chakula kwa wakati wake," akasema Bi Msukumi. "Na ondoka hapo, umeziba mlango."

Basi shikeni hili: bawabu hapimwi kwa anachokula, hupimwa kwa kisichoingia.

Hadithi yangu imeishia kizingitini. Atakaye kuibeba, aibebe. Asiyetaka, arudishe muhogo wangu aliokula nikisimulia.