Zimwi Lililovunja Mitungi ya Mwanashambe

Mliopo itikeni, nami nisimulie. Mwanashambe, binti wa mfinyanzi Bi Chausiku, kila alipokwenda kuteka maji alivunjiwa mtungi na zimwi la kisimani.

"Unaimba vibaya!" lilifoka. Akaacha kuimba, likavunja. "Misuko gani hiyo?" Akanyoa, likavunja. "Mbona kimya, kipara wee?" Likavunja tena, likaramba machozi yake.

"Nimekosa nini?" akalia.

Kisima kikanena: "Hukukosa, mjukuu wangu. Zimwi hili halishibi ila kwa machozi ya watu. Ungekuja na mbawa, lingezitukana mbawa."

Nyumbani Bi Chausiku akamkaripia, "Umefanya nini tena?"

"Mimi sikufanya kitu, mama. Zimwi ndilo livunjalo."

Mama akakitazama kile kichwa kilichonyolewa. Kisha akautwaa mchi wa kinu.

"Tangulia, unioneshe."

Nami niliwaacha hapo njiani, na zimwi lingali na njaa.