Dada wa Tarumbeta na Kozi ya Usingizi

Wapendwa, wekeni Biblia magotini kidogo, mnisikilize. Kulikuwa na muuguzi mmoja kule milimani, jina lake Eliakunda, na huyo dada alikuwa na mapenzi mawili.

Penzi la kwanza lilikuwa tarumbeta. Bendi zetu za usharikani mnazijua. Eliakunda alianza kupuliza akiwa binti wa Kipaimara, midomo ikamvimba, mama yake akamcheka, naye akaendelea. Kufikia utu uzima alikuwa mpigaji hodari, na juu ya upigaji akawa mwenyekiti wa bendi. Funguo za stoo ya vyombo alikaa nazo yeye. Sare zikishonwa, fundi alimpigia simu yeye. Wapiga besi wakigombana, na nyinyi mnawajua wapiga besi, kesi ilifika kwake.

Penzi la pili lilizaliwa kwa uchungu. Hospitali aliyofanyia kazi ilikuwa na daktari wa upasuaji, lakini haikuwa na mtu wa kutoa dawa ya usingizi. Mama mjamzito akihitaji kupasuliwa, alipakiwa kwenye gari akateremshwa mjini, njia ya matope, kona juu ya kona. Eliakunda ndiye aliyekuwa akiwasindikiza. Siku moja mtoto alizaliwa njiani, akazaliwa kimya, akabaki kimya. Mama yule hakulia. Alimshika Eliakunda mkono, akamuuliza, "Hivi, dada, hakuna mtu wa kwetu anayeweza kuisomea hiyo kazi?"

Swali hilo halikumtoka. Mwaka uliofuata aliomba nafasi chuoni mjini, akakubaliwa. Jumatatu mpaka Ijumaa alikuwa mwanafunzi, na mwisho wa wiki alipanda kwao mlimani. Jamani, alivyofurahi! Alisoma habari za mapafu na moyo kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Mwalimu akieleza jinsi dawa inavyomlaza mtu na jinsi ya kumwamsha salama, yeye alisogea mpaka ukingoni mwa kiti.

Lakini furaha haifuti uchovu. Mtihani ulipokuja akapata sapu. Alitakiwa kurudia somo la dawa, na akishindwa tena, safari ingeishia hapo. Mwalimu wake, mama mmoja mpole lakini asiyezunguka maneno, akamwita ofisini.

"Eliakunda, mikono yako ni mizuri mno kwenye chumba cha upasuaji. Shida ni kwamba kichwa kinafika hapa kimeshachoka. Kuna mzigo umebeba. Utue."

Mzigo gani? Eliakunda hakuhitaji kuuliza. Watu walikuwa wanamwambia siku zote: mwanafunzi na tarumbeta wapi na wapi? Jumamosi ile alifunga tarumbeta yake kwenye kitenge, akashuka usharikani, machozi yakimlengalenga. Akamkuta Ndekirwa, makamu wake kwenye bendi, mwalimu wa shule ya msingi, akipanga viti.

"Ndekirwa, nimekuja kukabidhi. Tarumbeta hii mpe mwingine. Sitapiga tena mpaka nimalize kozi."

Ndekirwa aliipokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga. "Pole, dada. Na mwenyekiti atakuwa nani?"

"Mwenyekiti si niko? Hilo sijaacha. Sare, mialiko ya harusi, vikao, hayo yote nitayashughulikia kwa simu nikiwa chuoni. Nikiwaachia mtaharibu."

Ndekirwa akailaza tarumbeta juu ya kiti. Kisha akasema, "Dada, nikuulize jambo, usinikasirikie. Wiki iliyopita ulipiga tarumbeta lini?"

"Jumamosi, mazoezini."

"Na simu za sare?"

Eliakunda akahesabu moyoni. Simu za sare zilikuwa za wiki nzima. Fundi alimpigia akiwa maktaba. Mpiga besi mmoja alimpigia akiwa na kitabu mkononi, akimshtaki mwenzake.

"Ukitoka kupiga, unajisikiaje?" Ndekirwa akaendelea.

"Mwepesi. Kama nimeoga maji ya mtoni."

"Na ukitoka kikaoni?"

Eliakunda akageuka, akanyoosha kiti kilichokuwa tayari kimenyooka.

"Basi, dada, kile kinachokupa nguvu unaturudishia, na kile kinachozimaliza unaondoka nacho."

Mnafikiri alishukuru? Hakushukuru. Alikasirika, wapendwa. Aliondoka bila kuaga, akapanda kilima kwa hasira, akijisemea kwamba huyu Ndekirwa anataka cheo. Alipofika karibu na kwake akakutana na jirani aliyemwamkia, "Mwenyekiti, hujambo?" Naye akasikia utamu. Utamu ule ndio uliomsimamisha njiani. Akajiuliza: kumbe ninachokiogopa ni hiki? Nimekubali kuuacha wimbo ili niendelee kuitwa hivi?

Aliona aibu, akiwa amesimama peke yake katikati ya migomba. Halafu, sijui niwaelezeje, akaanza kucheka. Aligeuka, akateremka kilima kile nusu anatembea, nusu anakimbia. Ndekirwa alikuwa anafunga mlango.

"Nipe tarumbeta yangu," akasema, huku akihema. "Na hizi funguo ni zako."

Msidhani mambo yalinyooka siku ile ile. Sare zilikuja na mikono mirefu mpaka vidoleni. Kwenye harusi moja bendi ilianza wimbo wa mazishi, bwana harusi akakodoa macho. Watu walimpigia Eliakunda simu kulalamika, na ulimi ulimwasha kweli kweli, lakini akajifunza sentensi moja: "Muulize Ndekirwa." Na yeye naye aliacha mengi. Harusini hakwenda tena. Safari za bendi alizikataa. Alibaki na mazoezi ya Jumamosi, akapiga sauti ya tatu, mstari wa nyuma kabisa, pamoja na wanaojifunza. Akimaliza aliifuta tarumbeta, akarudi kwenye vitabu akiwa mpya.

Somo la dawa alirudia, akafaulu. Akaendelea hatua kwa hatua mpaka kozi ikaisha, akarudi hospitalini kwake na cheti.

Pasaka ya kwanza baada ya hapo, alfajiri, bendi ilikuwa makaburini, ukungu umelala, baragumu za ufufuo zinapanda mlima na mlima unajibu. Eliakunda alikuwa nyuma, mashavu yamejaa upepo, moyo unadunda, wakati alipoitwa. Kuna mama hospitalini, uchungu umekwama, daktari anamsubiri. Alimpa Ndekirwa tarumbeta, akakimbia. Aliingia chumba cha upasuaji alama ya mdomo wa tarumbeta ikiwa bado juu ya midomo yake, akanawa, akavaa barakoa, akamwinamia yule mama na kumwambia, "Usiogope, dada. Safari hii hatuendi popote." Jua lilipochomoza, mtoto alilia. Alilia kwa sauti kubwa, mkali, kama ametukanwa. Na wale waliokuwa chumbani, daktari pamoja nao, walicheka kwa furaha.

Sasa, wapendwa, nyinyi vijana wa vyuoni mnatabasamu, mnadhani nimewahubiria nyinyi. Nanyi nimewahubiria: msiambiwe kwamba anayesomea jambo kubwa sharti auzime moyo wake kwa miaka yote hiyo. Lakini sasa nageukia sisi tulioketi viti vya mbele. Sisi tunaosema hatuna muda wa kuomba, hatuna muda wa kuimba, hatuna muda wa kujifunza jambo jipya, tumebanwa. Tumebanwa na nini? Ni nani kati yetu aliyewahi kuacha uenyekiti ili abaki na wimbo? Tunaacha wimbo, ndugu zangu. Uenyekiti tunabaki nao, halafu tunamwambia Mungu kwamba tumejitoa sadaka.

Mungu hajakuomba furaha yako. Pengine anakuomba cheo chako.

Kwa hiyo leo tukitoka hapa, usikimbilie nyumbani. Mtafute pale nje yule mwenzako uliyekuwa unasema ataharibu. Mshike mkono, umwambie, "Kuanzia leo, kazi hii ni yako." Aharibu kidogo, atajifunza. Kisha wewe nenda kasome. Na ukishasoma, imba.