Penalti ya Kijiweni Haigongi Mwamba

Siku tuliyomzika kaka yangu Kadeghe, vijana hawakuweza kukaa. Tulirudi kutoka makaburini mchana, tukala, na wazee wakajinyoosha kwenye mikeka. Vijana walikaa chini ya turubai, wakainuka, wakarudi, wakainuka tena. Nilijua kinachowasumbua. Usiku uliopita timu kubwa wanayoishabikia ilikuwa imetolewa kwa penalti, na kwa heshima ya msiba hakuna aliyekuwa ameitaja mechi hiyo tangu asubuhi. Hatimaye mmoja akashindwa kujizuia.

"Lakini yule namba tisa," akasema. "Kwa kweli yule. Kipa amekwisha kulala upande wa kushoto, wewe unapaisha juu! Ningekuwa mimi, natuliza kulia, naenda zangu kushangilia."

"Wewe?" akasema Nakundwa, mjukuu wa marehemu. "Wewe uliyeangushwa na mbuzi?"

"Mbuzi na penalti vinahusiana nini?"

"Mngenyamaza," akasema kaka yake Nakundwa, Mrindoko. "Penalti ya kijiweni haigongi mwamba."

Wakacheka, kisha wakakumbuka walipo, wakaziba midomo. Mrindoko akaniangalia kwa woga.

"Samahani, bibi."

"Umeutoa wapi msemo huo?" nikamuuliza.

"Si methali tu, bibi? Kila mtu anausema. Hata yule mtangazaji wa redio."

"Unajua ulianzia wapi?"

Hakujua, wala wenzake. Nikawaambia wakae. Mwenye methali hiyo tulikuwa tumetoka kumfukia, na wajukuu zake mwenyewe walikuwa wakiitumia kama kitu kilichookotwa njiani. Niliwasimulia kama ninavyoandika hapa, ili isipotee nikishaondoka na mimi.

Methali ilizaliwa hapa hapa Mvungwe, kando ya reli, wakati Kadeghe alipokuwa kijana na mimi msichana wa kubeba sinia la maandazi.

Mama yetu alikuwa akikaanga maandazi alfajiri, nami nayapeleka kijiweni kwa Chande muuza kahawa, mkabala na stesheni. Wanaume walikunywa kahawa pale kabla ya kazi, na wengi wao kazi yenyewe hawakuifikia. Waliongea mpira. Nyuma ya benchi kulikuwa na ukuta wa duka uliopakwa chokaa, na juu ya chokaa hiyo walikuwa wamechora goli kwa mkaa: mistari miwili tu, mmoja huku na mmoja kule, kutoka chini hadi kwenye paa. Palikuwepo pia mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba ya mkonge.

Kijiwe hicho kilikuwa na sheria yake, nao waliionea fahari. Sheria ilisema: asiyepiga asiseme. Ukitaka kumlaumu mchezaji aliyekosa penalti, lazima kwanza uinuke wewe mwenyewe, uweke mpira chini, upige ukutani. Ukifunga, umepata haki ya kusema, na hakuna atakayekukatiza. Ukikosa, unakunywa kahawa yako kimya. Waliiona kuwa ni haki kabisa. Walisema vijiwe vingine vinaropoka, chao kina utaratibu. Na kwa kweli kila mtu alipiga, na kila mtu alifunga, na kwa hiyo kila mtu alisema.

Mwaka huo timu yetu ilifika fainali ya kombe la wilaya, mara ya kwanza tangu ianzishwe. Ilichezwa Jumapili, na mji mzima ulikuwa uwanjani, hata mama, ambaye hakujua ofsaidi ni mnyama gani. Mechi ikaisha sare, ikaja penalti. Ya mwisho upande wetu akapiga Kadeghe, beki wa kulia, ambaye hakuwahi kupiga penalti hata mazoezini. Mpira ukapaa, ukagonga mwamba, ule mti wa juu wa goli, ukarudi uwanjani. Ule mlio nausikia mpaka leo. Kombe likaenda kwa wenzetu.

Mpigaji wetu wa siku zote alikuwa nahodha, Togolai, mtoto wa Mzee Mchome. Kila mtu alijiuliza kwa nini hakupiga yeye. Kadeghe hakusema. Mama alimuuliza, baba alimuuliza, akajibu tu, "Nilipiga mimi, nikakosa mimi."

Wiki iliyofuata nyumba yetu haikuwa na utulivu. Kadeghe hakulala vizuri wala hakukaa. Anaingia ndani, anatoka, anazunguka banda la kuku, anashika jembe, analiweka. Watoto wakimwona barabarani wanapiga kelele, "Mwambaaa!" kisha wanakimbia. Mama akienda kisimani wanawake wananyamaza. Mimi nikifika kijiweni na sinia napokewa kwa maneno.

"Haya maandazi ya leo yameiva," anauliza mmoja, "au nayo yatagonga mwamba?"

"Usile hayo," anasema mwingine. "Ukiyatupia mdomoni yanapita juu ya kichwa."

Kisha wanaanza. Mmoja anainuka, anaupiga mpira wa matambara, anafunga, anasema Kadeghe alikimbia vibaya. Wa pili anafunga, anasema mguu wa kushoto ulikaa mbali. Mzee Mchome, mpigaji mkuu wa kijiwe, alikuwa akivua kandambili, anarudi nyuma kama beberu, anapiga, kisha anawageukia wenzake.

"Mnaona? Mtu mzima, goti bovu, na bado nyavuni! Yule kijana alikwenda pale kutafuta sifa. Alimpokonya mwanangu mpira!"

Maandazi yalikuwa yakirudi nyumbani karibu yote. Tulikula maandazi mpaka tukayachukia.

Siku ya tano Kadeghe alisema ataondoka. Baba mdogo alikuwa Tanga, angemtafutia kazi, na treni ingepita asubuhi ya kesho yake. Alisema pia hatacheza tena, huku wala huko. Mama hakubishana. Alichukua shati lake jeupe, akalipiga pasi, akalikunja, akalikunjua, akalipiga pasi tena. Mimi nilitaka abaki. Katika nyumba ile yeye ndiye aliyekuwa akinifanya nicheke, na tangu Jumapili sikuwa nimecheka.

Asubuhi ile ile nilikataa kubeba sinia. Nililia, nikasema siendi tena kwa watu wale. Kadeghe akaniangalia, akasimama.

"Lete," akasema. "Nitapeleka mimi."

Nikamfuata kwa mbali, kisha kwa karibu.

Kijiweni walipomwona walinyamaza, halafu wakachangamka kupita siku zote. Togolai naye alikuwepo, amekaa mwisho wa benchi, kikombe mkononi, hanywi.

"Karibu, muuaji wa ndege!" akasema Mzee Mchome. "Tulikuwa tukikusema hapa, masikio lazima yalikuwa yakikuwasha."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Weka sinia. Leo uko nyumbani kwa wapigaji. Tuambie, mwanangu, ulikuwa unamlenga nani? Malaika?"

Watu wakacheka. Kadeghe aliweka sinia juu ya meza ya Chande, hakujibu.

"Hawezi kujibu," akasema mwingine. "Sheria. Asiyepiga asiseme."

"Kweli!" Mzee Mchome akauokota mpira wa matambara, akamtupia. "Piga, upate haki. Usiogope, hapa hakuna kipa."

Kadeghe aliugeuza mpira mikononi. Nilidhani atauacha na kuondoka. Akauweka chini, akarudi nyuma hatua zake, polepole, kama alivyorudi Jumapili. Nilizitambua zile hatua. Alitazama ukuta, akakimbia, akapiga.

Mpira ulipaa, ukagonga ukuta juu sana, katikati ya mistari miwili. Chokaa ikadondoka kama unga.

"Goli!" akapiga kelele Chande, birika mkononi.

"Goli!" wakasema wote kwa pamoja. Midomo ilikuwa imezoea. Hata Mzee Mchome alikwisha kuinua mikono kabla hajakumbuka ni nani aliyepiga.

Kadeghe aliwasubiri wanyamaze.

"Hiyo ndiyo niliyopiga Jumapili," akasema. "Hatua zile zile, mguu ule ule, na mpira umepita pale pale. Kule nimekosa. Hapa mmenishangilia."

Mmoja akageuka kuutazama ukuta, na wengine wakafuata. Walikuwa wakiutazama kila siku kwa miaka, lakini nadhani siku hiyo ndipo walipoona kwamba goli lao lilikuwa na nguzo mbili na hapo juu hapakuwa na kitu.

"Penalti ya kijiweni haigongi mwamba, mzee wangu," akasema Kadeghe. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kisha akaliacha sinia pale mezani, akaanza kuondoka.

Lakini Mzee Mchome alikuwa ameaibika mbele ya watu, na mtu akiaibika hivyo huongeza sauti.

"Basi kama hujui kupiga, ulikwenda kufanya nini pale? Eh? Mpigaji yupo! Mpigaji huyu hapa amekaa! Nani alikutuma?"

Kadeghe alikuwa ameshageuka. Alimtazama Togolai kidogo tu, akaendelea kutembea.

"Baba, mwache," akasema Togolai.

"Nimwache vipi? Alikupokonya haki yako!"

"Hakunipokonya." Togolai alisimama. "Niliikataa. Kocha aliniita, nikamwambia msuli umekaza. Nikakaa chini, nikafungua kamba za viatu ili aamini."

"Ulikuwa umeumia. Ndiyo maana—"

"Sikuumia, baba. Niliogopa. Niliwaona ninyi nyote kwenye kamba ya kando ya uwanja, nikafikiria ukuta huu. Kocha akauliza, 'Nani anapiga?' Sote tukaangalia nyasi. Akauliza tena. Kadeghe akasema, 'Leteni mpira.'"

Treni ya mizigo ilipita stesheni na hakuna aliyegeuka kuiangalia. Mzee Mchome alikuwa ameushika ule mpira wa matambara. Aliifungua kamba yake, akaifunga, akaifungua tena, kisha akaketi. Baada ya kitambo alinyoosha mkono kwenye sinia, akachukua andazi, akalila kimya. Mwingine naye akachukua. Siku hiyo sinia lilirudi tupu.

Hata hivyo Kadeghe hakubadili nia. Aibu ikishaingia mtu haitoki kwa andazi. Kesho yake alfajiri mkoba ulikuwa mlangoni, na mama alikuwa akikaa na kuinuka, akikaa na kuinuka. Treni ilikuwa bado haijasikika. Tukasikia hodi.

Alikuwa Mzee Mchome, na mkononi alikuwa na kipande cha mkaa.

Alimsalimia mama, akamsalimia baba, akakataa kiti. Alipomgeukia Kadeghe hakumtazama usoni.

"Mwanangu," akasema, "mimi tangu nizaliwe sijawahi kusimama golini. Sijui mwamba unakaa wapi. Njoo unionyeshe."

"Mzee, nasafiri."

"Najua. Unionyeshe kwanza."

Mzee akiomba hivyo, kijana humkatalia vipi? Kadeghe alimfuata, nami nikawafuata, na mama nyuma yangu na kanga moja. Pale kijiweni Kadeghe alipanda juu ya benchi la kahawa. Mzee Mchome akalishika benchi lisiyumbe. Kadeghe akanyoosha mkono, akachora polepole kutoka mstari mmoja kwenda wa pili. Alipofika katikati mkaa ulipita juu ya alama ile, pale mpira wake ulipobandua chokaa siku iliyotangulia. Mstari uliifunika alama ile barabara. Wote tuliona.

"Basi ni kweli," akasema Mzee Mchome.

Treni ilikuja, ikasimama, ikapiga honi. Kadeghe alikuwa bado juu ya benchi, anaukoleza mstari upande wa kulia ambako ulififia. Hakugeuka. Treni ikaondoka, na mama akaenda nyumbani kuchukua mkoba mlangoni na kuurudisha ndani.

Tangu siku hiyo goli la kijiweni lilikuwa na mwamba. Sheria iliendelea, asiyepiga asiseme, ila sasa mipira mingi ilikwenda juu ya mstari, na watu wengi walikunywa kahawa yao kimya. Aliyejitapa bila kupiga aliambiwa maneno ya Kadeghe. Madereva wa malori waliyasikia pale, wakayabeba. Yakaenda Same, yakaenda Korogwe, na huko mbele sijui.

Kadeghe alirudi uwanjani. Alikosa penalti nyingine na alifunga nyingi. Baadaye, miguu ilipochoka, akawa kocha wa timu ile ile mpaka alipougua. Penalti zikifika hakumpangia mtu. Aliwasimamisha wachezaji, akawauliza, "Nani anapiga?" na mchezaji akikosa, Kadeghe ndiye aliyemfuata kabla ya mtu mwingine yeyote, akatembea naye mpaka nje ya uwanja.

Nilipomaliza kusimulia, vijana walikuwa wametulia kwa mara ya kwanza siku ile. Yule aliyesema angetuliza kulia alikuwa akichora kwenye vumbi kwa kijiti: nguzo mbili, halafu mstari wa juu.

"Ningeogopa," akasema, bila kuulizwa.

"Penalti ya kijiweni haigongi mwamba," akasema Mrindoko tena. Safari hii aliisema taratibu, na hakuna aliyecheka.

Duka lile sasa lina vigae, na kijiwe kimehamia upande wa pili wa reli. Keshokutwa tunaanua matanga. Jumapili timu yetu ya Mvungwe inacheza, na wa kuuliza nani anapiga bado hajateuliwa.