Pimbi na Madirisha Matatu ya Ghala la Kiboko

Hodi, hodi!
— Hodi ya nini?
Hodi ya ngano.
— Ina mkia?
Inao, mrefu, mtaukanyaga msiposogea.
— Tumesogea. Ipite!

Ikapita hivi.

Zamani wanyama walipokuwa bado wanalima, wote walihifadhi mbegu zao za mtama katika ghala moja. Wakamchagua Kiboko awe mlinzi, kwa kuwa yeye hula nyasi, na mla nyasi atafanya nini na mtama? Wakamwapisha: "Kila dirisha la ghala lina orodha ya mambo yanayofanyika hapo. Orodha ni ya dirisha, haichagui uso. Anayeuliza orodha ajibiwe kweli, tena bure. Anayetaka lililomo atimiziwe. Ukivunja kiapo, mdomo wako ufungike siku saba."

Kiboko akaapa huku anapiga miayo. Nani angeuliza?

Na kweli, hakuna aliyeuliza. Kuuliza kulionekana ushamba. Wanyama walifika na kuamrisha tu, kama wenye nyumba. Siku moja Kiboko akaonja mtama, kidogo tu. Tusimlaumu sana, njaa ni njaa. Ila kuanzia hapo, ili mtama usitoke ghalani, akatunga sharti lake: anayetaka lisilofanyika dirishani, kikapu chake kinaliwa.

Mawingu ya mvua yakatanda. Pimbi, mjane mwenye umbo la kibuyu, alikuwa na watoto wanne na shamba lililokwisha kulimwa, lakini mbegu zake zote zilikuwa mle ghalani. Asipopanda kesho, mwaka huo watoto wangekula mawe. Pimbi huishi kwenye mawe, lakini hawayali.

Akabeba kikapu. Tip, tip, tip. Alipofika alimkuta Ngiri kwenye dirisha la kwanza, kifua mbele.

"Nipe mbegu zangu!"

"Hilo halifanyiki dirisha hili! Kikapu!" Gubu! Kikapu kikamezwa.

Ngiri akakimbilia dirisha la pili. "Nipe mbegu zangu!"

"Hilo halifanyiki dirisha hili! Kikapu!" Kikapu hakipo. Ngiri akavua kofia. Gubu!

"Kaka Ngiri," Pimbi akamwambia, "si ungeuliza kwanza panafanyika nini?"

"Niulize? Mimi? Halafu waseme sijui?" Ngiri akaondoka kichwa wazi.

Pimbi akalitazama lile domo. Akaficha kikapu nyuma ya jiwe, akasogea dirisha la kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unataka nini, kidudu?"

"Sitaki kitu. Nauliza tu, dirisha hili yanafanyika yapi?"

Kiboko akakohoa. Tangu aapishwe hajaulizwa hilo. Akajaribu kunyamaza, midomo ikaanza kujibana, nywii! Akasema upesi, "Kutazama! Na kuweka!"

"Ahsante." Tip, tip, tip, hadi dirisha la pili. Kiboko naye akahamia huko kwa ndani, tabwa, tabwa.

"Shikamoo, mzee."

"Si tumeamkiana sasa hivi?"

"Hili ni dirisha lingine, mzee. Hapa yanafanyika yapi?"

"Kutazama tu!"

"Ahsante." Tip, tip, tip, akazunguka nyuma. Huko kulikuwa na dirisha la tatu, pana, ambalo Kiboko alilitumia kwa mambo yake mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Wee! Dirisha hili si la wateja!"

"Orodha haichagui uso, mzee. Yanafanyika yapi?"

Jasho likamtiririka. Nywii! "Kutazama, kuweka, kubadilisha..." Neno la mwisho akalinong'ona.

"Na nini, mzee? Masikio yangu madogo."

"Na kuondoa!"

"Kuondoa nini?"

"Chochote kilichopo dirishani." Kiboko akacheka, kwe kwe kwe. "Ila mtama uko nyuma yangu, binti. Nyuma yangu si dirishani."

Pimbi akachungulia. Kweli, mtama hauonekani. Akafikiri kidogo.

"Basi naomba kiondolewe kilichopo dirishani."

"Kipi?" Kiboko akaangalia kulia. Akaangalia kushoto. "Mbona hapa hakuna kitu ila mimi?"

"Ndiyo, mzee," Pimbi akasema.

Kiboko akataka kukataa. Nywii! Akawaza siku saba bila kula, machozi yakamtoka. Akajishika sikio kama mlinzi anavyomshika mwizi, akajivuta. "Toka!" akajiambia. "Natoka!" akajijibu. Akajisukuma dirishani, pwaa! Ukuta ukapasuka, fremu ikamkaa kiunoni, na hivyo hivyo akaenda hadi mtoni. Chubwi!

Pimbi akaingia kwenye tundu, akajaza kikapu mbegu zake, wala si zaidi. Alipokuwa anatoka, Ngiri alikuwa amerudi dirisha la kwanza na kikapu kipya. "Nipe mbegu zangu!" Hakuna aliyejibu. Ngiri akasubiri kwa adabu akataliwe.

Alfajiri mvua ikanyesha, na mbegu za Pimbi zilikuwa ardhini.

Ngano yangu nimeitua hapo. Aliyeipenda aibebe, iliyomlemea amwachie jirani.

— Na funzo je?

Funzo ni kwamba kuuliza-uliza si kuzuri. Pimbi aliuliza, akaishia kulima, kupalilia na kuvuna mpaka mgongo ukamuuma. Ngiri hakuuliza, akapumzika msimu mzima, amekonda, lakini hakuna aliyethubutu kusema hajui.