Ukoga Chini ya Barafu

Hadithi hii nilisimuliwa na bibi yangu Ulaayuk, mzaa mama, mwaka nilioachishwa shule ili nimsaidie kukwangua ngozi za sili. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini kisu chake kiliijua njia. Kila mbwa alipopita na kumlamba vidole, alicheka peke yake na kusema, "Mkono mtupu haulambwi." Maana yake, asiye na cha kutoa asitazamie kufuatwa. Siku hiyo nilimwuliza kinachomchekesha, naye akaweka kisu chini.

Zamani hizo Ulaayuk alikuwa bibi arusi wa miezi mitano. Alitoka kambi ya baba yake, mwendo wa siku sita kwa sleji, na hakuja na mali yoyote ila sufuria moja na mbwa jike aliyeitwa Kajuk. Ulaayuk alimlea mbwa huyo tangu hajafumbua macho, akimlaza ndani ya koti lake kama mtoto. Usiku wa kwanza ugenini, Kajuk ndiye aliyemjua peke yake.

Mumewe, Nutarak, alikuwa mwindaji hodari, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko chusa lake. Waliishi na mama yake, Kautaq, mjane mfupi mwenye mwendo wa bata. Sasa Ulaayuk alikuwa amepewa jina la dada mkubwa wa Kautaq, aliyefariki kabla Ulaayuk hajazaliwa. Kwetu jina halizikwi. Anayelibeba hubeba na undugu wake. Kwa hiyo Kautaq hakumwita mkwe wake "mwanangu" hata siku moja. Alimwita "dada". Nutarak naye, akitaka kumchokoza mkewe, alimwita "mama mkubwa", akamwamkia kwa kuinamisha kichwa mbele za watu mpaka kambi nzima ivunjike mbavu.

Ilikuwa mwezi wa nne, jua limeanza kukataa kuzama, wakati ambao nyama hujaa majumbani. Mwaka ule haikujaa. Wiki tatu Nutarak alirudi na barafu kwenye ndevu tu. Watu walikunywa chai tupu, mbwa wakatafuna kamba za ngozi. Zamani Ulaayuk alipotoka nje mbwa walimzonga, wakimlamba mikono yenye mafuta. Sasa walimnusa vidole, wakageuza shingo. Hata Kajuk aligeuza shingo. Jambo hilo lilimchoma Ulaayuk kuliko njaa yenyewe. Nutarak aliliona, akamwambia, "Usinune, mama mkubwa. Mkono mtupu haulambwi."

Asubuhi moja mzaha uliisha. Nutarak alifunga mbwa sita kwenye sleji, akamwacha Kajuk, kwa kuwa alikuwa amekonda hata kamba za kuvutia sleji zikamteleza mwilini.

"Ninakwenda kwenye mapango ya sili thelujini," akasema bila kumtazama mkewe. "Nikipata kitu, vyema. Nikirudi mtupu, kesho nitamchinja Kajuk, wenzake wapate nguvu za kutufikisha dukani."

Duka lilikuwa mwendo wa siku nne. Ulaayuk alijua kwamba mumewe amesema kweli.

Kautaq alikuwa na tabia iliyomchekesha mwanawe miaka mingi. Kila alipokuta bonge la barafu lililopinduliwa na kujaa na kupwa kwa maji, aliinama akalichungulia chini, akakwangua kwa ukucha, akaonja. Nutarak alikuwa akisema mama yake anakagua sufuria za bahari, kama vile mkwe ameziosha vibaya. Asubuhi hiyo Kautaq alimshauri aache theluji nene, aende mahali upepo ulipoifagia. Nutarak akamjibu kwa adabu kwamba sili huzaa kwenye theluji nene, na hata mtoto anayenyonya anajua.

"Wanazaa huko, sikatai," akasema mama yake. "Wanakula wapi?"

Nutarak akacheka, akapiga mjeledi hewani, akashika njia. Aliijua nyumba ya sili chumba kwa chumba. Jikoni kwake hakuwahi kupita.

Sleji ilipopotea machoni, Kautaq alichukua mtaimbo wa barafu, mshipi wa kuvulia samaki na gunia, akamwambia mkwe wake, "Twende, dada." Kajuk akawafuata akipepesuka. Walifika kwenye ufa wa kwanza, palipokuwa na theluji ya kufika magoti. Kautaq akamega ukingo wa barafu, wakalipindua bonge pamoja. Chini lilikuwa jeupe kama mfupa ulioanikwa. Kajuk akanusa, akageuza shingo.

Walikwenda tena mwendo mrefu. Kwenye ufa wa pili theluji ilipungua, lakini barafu ilikuwa nyeupe vilevile. Ulaayuk alianza kukata tamaa. Aliona heri arudi nyumbani akae na mbwa wake saa zilizobaki kuliko kumtembeza hivi kwenye baridi. Alipomwambia Kautaq hivyo, mama mkwe alimtazama kwa mshangao mtupu, usio na hila.

"Umesahau, dada?"

Ulaayuk alitaka kusema kwamba yeye siye, kwamba hajawahi kufundishwa jambo hili na mtu yeyote. Lakini uso wa yule mwanamke mzee ulikuwa umegeuka wa mtoto anayengoja mkubwa wake aongoze njia. Akapiga moyo konde.

"Nimesahau," akasema. "Nikumbushe."

Basi Kautaq akamkumbusha huku wakitembea. Alisema mama yao alikuwa akiwachukua wote wawili wakati wa njaa, akiwaambia kwamba bahari ni mwenye nyumba na barafu ni mkono wake. Theluji ikiwa nene jua halipenyi, na mkono ule hukaa mtupu. Ikiwa nyembamba, mwani huota chini ya barafu kama ukoga kwenye jino. Vidudu huja kuulamba, samaki hufuata vidudu, sili hufuata samaki, na mtu huja mwisho kabisa, akidhani yeye ndiye aliyetangulia.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukiuona kwanza, kila mara," akamalizia. "Mimi nilikuwa mdogo, nalia kwa baridi. Ulikuwa unanitia vidole vyangu kwapani mwako. Ulipokufa, nikabaki kuangalia peke yangu."

Ulaayuk aliuvuta mkono wa mama mkwe, akautia ndani ya koti lake, chini ya kwapa, wakaenda hivyo kama watoto wawili mpaka mahali upepo ulipofagia theluji, barafu ikabaki wazi, ya buluu. Palikuwa na ufa mwembamba. Akamega yeye mwenyewe safari hii, akapindua.

Chini palikuwa na rangi ya chai iliyokolea. Utando mzito, wenye utelezi, na harufu yake ilikuwa ya bahari ya kiangazi, pale barafu inapoondoka na watoto wakakimbilia maji. Kabla hajatamka neno, Kajuk alimpita, akaweka ulimi juu ya lile bonge, akalamba. Alilamba hapa akahamia pale, wala hakuinua kichwa. Kwenye maji ya ufa vidudu vidogo kama punje vilikuwa vinarukaruka.

Kautaq aliketi palepale kwenye barafu. Alichovya kidole kwenye ule ukoga, akakiweka mdomoni, akafumba macho kwa muda mrefu.

"Umeuona wewe kwanza," akasema. "Kama zamani."

Mshipi ulipozama, haukukaa. Samaki wa barafu walikuja, wa urefu wa kiganja, mmoja baada ya mwingine, mpaka vidole vikafa ganzi. Wa kwanza Ulaayuk alimlisha Kajuk kwa mkono wake, na wa pili, na wa tatu. Waliporudi kambini gunia lilikuwa linaburutwa, na mwenye kuliburuta alikuwa Kajuk.

Nutarak alirudi jua likiwa limelala ubavu juu ya barafu. Sleji yake ilikuwa tupu. Aliona kwanza mafungu sita ya samaki yamewekwa nje yakingoja mbwa wake, kisha Kajuk amejikunja, tumbo limevimba kama kibuyu. Mlangoni lilikuwepo lile bonge la barafu, upande wa ukoga juu.

"Wenye nyumba umewakuta?" mama yake akauliza.

"Hawakuwepo."

"Aa. Walikwenda kula."

Ulaayuk aliuma mdomo asicheke. Nutarak aliinama, akaukwangua ule ukoga kwa ukucha, akaonja. Halafu akamgeukia mkewe, naye hakuinamisha kichwa kwa mzaha kama kawaida yake.

"Mama mkubwa," akasema, "kesho nipeleke."

Walikula supu ya samaki mpaka jasho likawatoka. Nutarak alilala wa kwanza, kijiko bado kifuani. Kautaq alipunguza utambi wa taa ya mafuta, akajifunika, akauliza gizani kama dada bado ana baridi. Ulaayuk akamjibu kwamba hana. Kautaq akavuta pumzi moja ndefu, akalala.

Ulaayuk peke yake ndiye aliyebaki macho, mkono wake umeangukia upande wa njia ya kuingilia, unanuka samaki na ukoga wa bahari. Alisikia kucha zikikwaruza kwenye theluji. Pua baridi ikagusa kiganja, kisha ulimi wa moto ukapita polepole kidole kwa kidole, kama zamani kwa baba yake. Hakuuvuta mkono. Usingizi ulimchukua hivyo, analambwa. Na wahenga hawakukosea, mkono mtupu haulambwi.